Foto ya Kamba

Tantine Marceline,

Shuleni walitufundisha kwamba barua inaanza kwa kuuliza afya ya yule unayemwandikia, kisha unasema na mimi ni mzima kidogo. Nimejaribu, nimefuta. Siwezi kukuuliza afya. Na kusema mimi ni mzima kidogo ni uongo, maana tangu Jumamosi iliyopita nikisikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya lango letu, ninaacha kutafuna.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa ningeandika vizuri zaidi, mwalimu angenipa pointi, lakini kwa Kifaransa najua kujificha. Weye mwenyewe ulikuwa unaniambia, "Jeanne, ukianza kusema Kifaransa nyumbani, najua kuna kitu umevunja."

Hakuna kilichovunjika. Apareyi yako ya kupigia foto ni nzima, kioo chake hakina hata mkwaruzo. Lakini Baba anataka kuifunga ndani ya sanduku lake la chuma, pamoja na vyeti na nguo za ndoa za Mama, na watoto wako wa Jumamosi, wanafunzi wako wa foto, waambiwe basi, imekwisha. Amenipa mpaka leo jioni niseme neno langu. Niliseme kwa mdomo. Nilikuwa nimemwandikia karatasi nikaiweka chini ya sahani yake, ameirudisha bila kuikunjua. Alisema, "Dada yangu hakukuachia karatasi. Sema." Weye unanijua. Mimi ndiye ninayenyoosha kidole darasani huku naomba moyoni mwalimu asinione. Kwa hiyo nakuambia weye kwanza, nijaribu sauti.

Nianze na habari za hapa mtaani Saio. Kile chumba cha mbele ulichokuwa unapigia foto za kadi sasa ni saluni ya nywele. Kitambaa chako cheupe, kile ulichokuwa unanifokea nisikikanyage, wamekikata wakafanya pazia. Watu bado wanakuja. Wanasimama mlangoni na shati zao zilizopigwa pasi, wanauliza mama wa foto iko? Yule dada wa saluni anawajibu kwamba umesafiri. Siku moja nilikuwa napita, nikamsikia. Sikumrekebisha. Nilipenda kwamba mahali fulani katika Bunia kuna mtu anafikiri utarudi.

Baba hasemi juu yako. Anavaa ile sweta yako ya rangi ya kahawa, asubuhi kukiwa na baridi, mikono yake inatokeza mpaka hapa kwenye viwiko. Hakuna anayecheka.

Na watoto, Tantine. Jumamosi ya kwanza baada ya kukuzika walikuja. Sikufikiri watakuja. Nilikuwa nimetumwa na Baba kwenda kuwaambia warudi kwao. Nikawakuta uani mwa parokia, wamekaa kwenye ngazi, na waliponiona wakanyoosha mikono yote juu, viganja mbele, vile ulivyowazoesha, ili nione kama wamenawa mafuta ya mandazi. Mikono yote ile ilikuwa bado na maji. Nikasimama mbele yao. Kusema "rudini nyumbani" mbele ya macho mengi namna ile, sikuweza. Ilikuwa rahisi zaidi kufundisha. Nikatoa apareyi kwenye mfuko, nikamvalisha mmoja kamba yake shingoni, nikaonyesha mbuzi wa padri kwa kidole. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Kwa woga.

Plamedi, unamkumbuka, yule mwenye pengo la meno na maneno mengi, aliniuliza, "Ya Jeanne, unafundisha ao unasali?" Tangu siku ile wananiita Ya Kimya, Dada Kimya. Hawaniiti kwa ubaya. Nafikiri.

Weye ulikuwa unawapeleka sokoni, kwenye mashine ya kusaga mahindi, kule juu unapoona mabati yote ya mji. Mimi niliwaweka uani, lango limefungwa. Juma baada ya juma. Walipiga foto ya kisima, ya kengele, ya sandali zao, ya mbuzi. Wakachoka. Mimi nilikuwa naogopa barabara, naogopa mtu atakayeuliza mnapiga foto kwa ruhusa ya nani, naogopa wale watu wazima wanaofikiri kila foto inakwenda kuuzwa Ulaya. Weye watu wa namna ile ulikuwa unawachekesha tu. Mimi nikiangaliwa vibaya nasahau jina langu.

Nakumbuka tulipokwenda Mahagi-Port kwa ile ndoa ya binti wa binamu yako, na asubuhi yake ukaniamsha twende ufukweni mwa ziwa kabla ya misa. Ulinipa apareyi. Nikampiga foto mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki juani, bila kumwomba, kwa sababu kumwomba kulitaka nifungue mdomo. Aliona. Alikuja na kisu cha kuparia magamba mkononi, akisema Kialur kwa kasi mpaka mimi sikushika yote. Nikajificha nyuma yako, na nilikuwa tayari mrefu kukupita. Weye ukamwonyesha kioo, ukabonyeza, ukafuta foto mbele ya macho yake, ukamwomba samahani kwa ajili yangu. Tukaanza kuondoka. Ndipo akatuita kwa nyuma, akauliza, kabla hujafuta, nilikuwaje? Ulicheka mpaka ukakaa mchangani. Ukampiga foto upya akiwa amefunga kitambaa vizuri, na tukarudi na samaki.

Sheria ikatoka pale, ukaileta Bunia kwa watoto: "Omba kwanza. Mutu akikatala, unafuta mbele ya macho yake." Na kwangu mimi peke yangu, njiani, ukaniambia neno lingine. Ulisema foto zangu zote zinatetemeka sababu mimi mwenyewe natetemeka. "Apareyi haina meno, Jeanne. Na watu pia, wengi hawaumi." Nililibeba neno lile kama sifa, hata kama halikuwa sifa.

Sasa Jumamosi iliyopita.

Ilikuwa zamu ya zoezi la mistari. Si langu, ni lako. Baada ya vivuli, mikono. Baada ya mikono, mistari. Kila mtoto atafute mustari mmoja mzuri, aupige. Gloire akapiga kamba ya nguo. Plamedi akapiga mustari wa jasho kwenye mgongo wa shati la katekista, tukacheka. Zamu ikafika kwa Dorika.

Dorika hukumwona sana, alianza majuma machache kabla hujaugua. Ni yule mtoto wa kike mwembamba, kichwa kimenyolewa, aliyekimbia vita toka upande wa Bambu na koko yake, mama wa mama yake. Wanakaa nyuma ya parokia, katika nyumba ya watu. Hasemi sana, lakini si haya kama mimi. Ni kitu kingine. Dorika hashtuki. Siku moja dirisha la kanisa lilipigwa na upepo, likalia kama bunduki, watoto wote wakalala chini, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye alibaki amesimama, akitafuta mbuzi ndani ya kioo.

Alizunguka uani na apareyi, akarudi. Akasema mistari yote ya hapa imepinda. Akaomba atoke mpaka kwenye kona ya barabara tu. Wengine wakaanza: na siye, Ya Kimya, kisima kimeshachoka, mbuzi mwenyewe ameshachoka na siye. Nikaona nyuso zao. Nikakumbuka vile ulivyokuwa unatembea mbele yao kama bata na watoto wake. Nikafungua lango. Nikasema mpaka kwenye kona, hakuna kupita kona. Mimi nikabaki langoni na wengine. Hapo ndipo ninaporudi kila nikifumba macho: kwa nini nilibaki langoni? Najua kwa nini.

Tantine, barieri ya askari imesogea. Weye ulipokuwa hai ilikuwa mbali, kule kwenye njia panda. Sasa iko karibu, ukipita kona unaiona: miti miwili, na kamba imevutwa toka huku hadi kule, askari wanaishusha pikipiki zikipita. Kila mtu mzima anaijua, na akifika pale anaangalia chini. Mtoto aliyeambiwa atafute mustari ulionyooka, afike kwenye kona ile, ataona nini?

Tulisikia sauti ya mwanamume. Kisha Gloire, aliyekuwa amechungulia, akarudi mbio akisema wamemkamata.

Sikiliza sasa, maana hili sijamwambia mtu. Miguu yangu iligeuka. Haikugeuka kwenda kwa Dorika. Ilianza kwenda nyumbani, upande ule mwingine, na sikuituma, na sikuizuia. Nilikuwa nimeshatembea kidogo nilipohisi mtu anavuta kikwembe nilichojifunga. Ni Plamedi. Hakunitukana. Alinionyesha kwa kidevu, akasema taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia, "Ya Jeanne, barieri iko huku."

Nikaenda huku.

Dorika alikuwa amekalishwa juu ya bidoni, dumu la njano. Askari mmoja kijana alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Mwingine, mkubwa, wanayemwita shefu, alikuwa amesimama na apareyi yako mkononi, ameishika kinyume, kioo kikimwangalia yeye. Alikuwa anamwuliza Dorika kwa Lingala nani amemtuma, kisha kwa Kiswahili, kisha tena kwa Lingala. Dorika akainua macho akaniona. Na akayapitisha juu yangu, Tantine. Aliyapitisha kama vile mimi ni mti, ni ukuta, mama fulani anayekwenda dukani. Mtoto yule alikuwa ananificha. Ningeweza kupita. Nakuapia, kulikuwa na nafasi ya kupita, kamba ilikuwa chini, na hakuna mtu duniani angejua isipokuwa yeye na Plamedi.

Woga wa kweli haukuwa pale walipokuwa na bunduki. Ulikuwa pale nilipoona kwamba ninaweza kupita.

Nilisema kwanza kwa Kifaransa, mdomo ulikimbilia shuleni wenyewe. Nikarudia kwa Kiswahili: "Ni miye."

Shefu akanitazama toka viatu mpaka nywele. "Mutoto anatuma mutoto?" Yule kijana akacheka. Shefu hakucheka. Akaanza kuuliza: shirika gani, foto zinakwenda kwa nani, nani anataka kujua tumekaa wapi. Nikasema ni zoezi. Zoezi la nini? La mistari. Mistari ya kufanya nini? Nikasema ni mizuri tu. Hebu fikiria unamweleza mtu mwenye bunduki kwamba mustari ni mzuri tu, basi. Nikasikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Akauliza jina langu, nikampa. Akauliza avenyi ninayokaa, nikampa. Akauliza jina la baba, nikampa. Kila alichouliza nilimpa, ukweli mtupu, kama niko kwenye kuungama.

Kisha akagundua kitufe cha kurudi nyuma. Akaanza kuangalia foto moja baada ya nyingine, nami niliziona kwa pembeni. Kamba. Jasho la katekista. Mikono. Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Vivuli. Akaendelea kurudi, na nikajua anakwenda wapi, kwa sababu mimi mwenyewe tangu ufe sijathubutu kurudi mpaka huko. Na ukatokea. Weye. Kitambaa cha rangi ya chungwa, umeinama, unamrekebishia Gloire vidole, mdomo wazi, unasema kitu. Nilitaka kusikia unasema nini. Nilisahau pale niko wapi.

Shefu akageuza kioo kwangu. Alikuwa kama mtu aliyepata jibu. "Huyu mama ndiye anawatuma. Muende mumuite. Akuye hapa."

Nikasema, "Alikufa."

Sijawahi kulisema neno lile kwa sauti. Wakati wa kilio wengine walilisema kwa ajili yangu. Mara ya kwanza nililisema pale, kwenye barieri, kwa mtu nisiyemjua, naye alikuwa anangoja uje. Yule kijana akashusha mguu aliokuwa ameuweka juu ya mwingine. Shefu akatazama kioo tena. Akauliza kama ni mama yangu. Nikasema ni shangazi, dada ya baba. Hakusema pole. Lakini hakuuliza tena juu ya shirika.

Ndipo Dorika akafungua mdomo. "Shefu, nifute? Siye mutu akisema hapana, tunafuta mbele ya macho yake. Ni sheria."

Akamtazama kama mtu aliyesemeshwa na kuku. Kisha akampa, yeye mwenyewe akiendelea kushika kamba ya shingo. Dorika alifanya vile vile kama ulivyowafundisha, bila kuruka kitu: anaonyesha, anauliza, anafuta. Alikuwa amepiga zaidi ya moja. "Hii?" Hiyo. "Na hii?" Na hiyo. Yule kijana akainua shingo, akasema ile ya mbuzi ni nzuri, shefu, na shefu akamwambia afunge kinywa.

Ilikuwa nzuri, Tantine. Lazima nikuambie, kwa sababu haipo tena, na walioiona ni wachache na hakuna atakayekusimulia. Kamba ilikata foto yote toka pembe hii mpaka pembe ile, imenyooka, ina mwanga juu yake. Chini kulikuwa na kiatu kimoja cha askari, kimoja tu. Na mbuzi alikuwa anapita chini ya kamba, kichwa kimeshavuka, mgongo bado. Hakuna kilichotetemeka. Hata mimi sijawahi kupiga foto kama ile. Na weye, usinikasirikie, sijui kama uliwahi. Dorika akabonyeza, ikaenda.

Nilifikiri imekwisha. Shefu akachukua apareyi, akafungua kile kifuniko kidogo cha chini, akatoa karte, ile kadi ndogo yenye foto zote. Akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akanirudishia apareyi tupu. "Karte inabakia hapa. Na nisiwaone tena na hii."

Ulikuwa ndani ya mfuko ule na kitambaa chako cha chungwa, nami nikasema "merci, shefu." Nilimshukuru.

Dorika alipoinuka, ile bidoni ilikuwa na maji juu yake, na mavumbi chini yamelowa. Gauni lake nyuma pia. Mtoto asiyeshtuka. Nikafungua kikwembe changu cha juu nikamfunga kiunoni, tukatembea. Plamedi alikuwa anatungoja kwenye kona na wengine. Aliona. Nikangoja atasema nini, maana mdomo wa Plamedi unaujua. Akahamia upande wa nyuma wa Dorika akatembea pale pale, karibu sana, mpaka parokia. Watu wa barabarani hawakuona kitu.

Jumapili baada ya misa koko ya Dorika alikuja nyumbani. Mimi nikaenda nyuma ya pazia la chumba. Alikaa na Baba, akakataa chai. Alisema alimtoa mtoto yule upande wa Bambu akimziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, njia nzima, asilie wasisikiwe. Hakulia. Hata walipofika hapa hakulia. Tangu siku zile mtoto huyu hakuwa na machozi wala kushtuka, alikuwa anatembea tu kama mtu aliyeazimwa. Na jana mulimupeleka kwa watu wenye bunduki, na kitu mukononi.

Baba akasema, mama, umesema kweli, apareyi itaingia ndani ya sanduku leo hii.

Halafu nikasikia koko akisema, "Na yule nyuma ya pazia atoke, namuona miguu."

Nikatoka. Nilikuwa nafikiri atanipiga. Aliniangalia kwa hasira kweli, hasira ya mtu mzima aliyechoka, akaniambia kwamba jana jioni Dorika alilia. Alilia mpaka akatapika, kisha akalala. Mara ya kwanza. Alisema hakuja kuomba mufunge. Angekuja kuomba hivyo angemtuma mtu. Kisha akaniuliza juu yako. Alisema Marceline aliwafundisha watoto wasiogope, ilikuwa sawa kwake, Marceline alikuwa mukubwa, aliweza kusimama mbele ya watu akawachekesha, akawakinga. "Weye unaweza?"

Nikasema hapana.

"Basi wafundishe kuogopa."

Baba hakupenda. Alipoondoka koko, Baba alitembea uani muda mrefu na ile sweta yako. Kisha akanipa mpaka leo, Ijumaa. Anataka kujua nitapita wapi, nitafanya nini mtu akiita, na kama mimi mwenyewe naamini ninayoyasema. Asipoamini, sanduku.

Nimekuwa na hasira na weye juma hili, Tantine. Sikukusudia kuliandika. Uliniambia apareyi haina meno. Ulisema wengi hawaumi. Kwa nini hukusema juu ya wale wachache? Au ulikuwa unaogopa na weye, ukaficha, ukatuachia tufikiri kicheko chako ni cha kila mtu? Nimekumbuka kitu. Siku zile ulizokuwa unawatoa watoto nje, asubuhi na mapema ulikuwa unatoka peke yako, bila apareyi, unarudi na viatu vyenye vumbi. Nilidhani unakwenda kununua mkate. Mkate hukuwa unarudi nao. Ulikuwa unapita njia, sivyo? Ulikuwa unaangalia kamba iko wapi leo. Kama ni hivyo, ungeniambia. Ningefurahi kujua kwamba tuko wawili.

Naogopa, sikufichi. Naogopa jina langu ndani ya kichwa cha yule mtu. Naogopa karte: nyuso zote za watoto wako, na lango letu, na weye, ziko ndani ya mfuko wa shati nisilolijua. Labda ameshaitupa. Labda anaiangalia. Naogopa kesho. Na naogopa zaidi Jumamosi ambayo watanyoosha mikono iliyooshwa na mimi sipo.

Hivi ndivyo nitakavyomwambia Baba. Nimeyasema mara nyingi ukutani.

Nitasema: kesho asubuhi nitapita njia yote kwanza, peke yangu, mikono mitupu. Pakiwa na kamba, hatupiti, tunabaki uani. Nitasema mtoto hatangulii mbele yangu tena. Mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kufika kwenye kila kona. Nitasema kabla ya vivuli na mikono na mistari kutakuwa na somo jipya, ambalo si lako. Nitawaonyesha nguo ya askari, kamba, gari lao, na watajifunza kushusha apareyi mpaka tumboni na kuangalia pengine, bila kukimbia. Tutalirudia mpaka mikono ishike yenyewe. Nitawaambia kuogopa si aibu, na kwamba mwalimu wao ndiye muoga wa kwanza katika Saio yote, wanaweza kumwuliza chochote juu ya jambo hilo.

Karte hatuna. Lakini nimegundua kwamba apareyi ina nafasi kidogo ndani yake yenyewe, ya foto chache sana. Kila mtoto atapata moja. Moja tu, kwa hiyo itabidi aangalie sana kabla ya kubonyeza. Dorika ametuma neno kwa Gloire kwamba atakuja, koko yake amemruhusu, na ameuliza kama wasioogopa wataruhusiwa pia. Sijui ni mzaha. Kwa Dorika huwezi kujua.

Baba akisema hapana, nitamwomba tena Ijumaa ijayo, kwa mdomo. Na nyingine. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, si zaidi, maana zaidi siwezi kuiahidi: sitanyamaza. Kila nikiulizwa watoto hawa ni wa nani, nitajibu, na sitangoja mtu avute kikwembe changu.

Nimesikia lango. Ni yeye, anakohoa vile anavyokohoa akiwa amechoka, anamwuliza Mama kama nimo. Naharakisha, wino unachafuka hapa, samahani.

Pumzika, Tantine Marceline. Naacha kalamu. Ameita jina langu, nami nimeshaitika.

Jeanne wako